Jamii za mji ziulizwe kabla orodha ya maonyesho haijafungwa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumzie maonyesho ya sanaa mijini. Kila yanapofunguliwa, wanaoandika habari huhesabu: wasanii wangapi wa jamii hii, wangapi wa ile, wanawake wangapi. Hesabu hiyo ina faida, ila haifiki mahali ambapo mambo huamuliwa. Kuta zinaweza kujaa sura za watu wa kila asili na bado historia ya mji ikasimuliwa na sauti moja, kwa kuwa anayechagua vitu, anayeandika maelezo na mwenye ufunguo wa ghala ni yule yule.

Mwaka 1969 jumba la sanaa la Metropolitan, New York, lilifanya maonyesho makubwa kuhusu Harlem, mtaa wa watu weusi wa jiji hilo. Kulikuwa na picha nyingi mno za kamera, lakini wachoraji na wachongaji wa Harlem hawakupewa hata ukuta mmoja. Wasanii weusi waliandamana nje ya jumba, nao walikuwa na haki. Ni kweli kwamba maonyesho hayo yaliutambulisha umma kwa James Van Der Zee, mpiga picha aliyekuwa na studio Harlem kwa miongo kadhaa. Hata hivyo, mtaa mzima uliwekwa pale kama habari ya kutazamwa, wala si kama mahali penye wasanii.

Mwaka 1992, mjini Baltimore, msanii Fred Wilson alipewa ruhusa ya kuingia katika ghala la Maryland Historical Society, taasisi ya historia ya jimbo hilo la Marekani, na kupanga upya vitu vilivyokuwamo. Katika kabati moja la kioo aliweka majagi ya fedha yenye nakshi, na katikati yake pingu za watumwa. Maelezo yake yalisema tu kwamba hizo ni kazi za chuma na madini za 1793 hadi 1880. Pingu zilikuwa mali ya taasisi hiyo hiyo. Ndiyo maana tunasema swali la kwanza kwa jumba lolote si "mtanunua nini?" bali "mna nini ghalani ambacho hakijatolewa, na kwa nini?"

Mfano wa tatu ni wa Cape Town, Afrika Kusini. Mtaa wa District Six ulitangazwa na serikali ya ubaguzi wa rangi kuwa eneo la weupe mwaka 1966, na watu zaidi ya 60,000 wakahamishwa. Makumbusho ya mtaa huo, yaliyofunguliwa 1994 ndani ya kanisa la zamani, yalitandaza sakafuni ramani kubwa ya mitaa, na waliofukuzwa wakaandika wenyewe mahali nyumba zao zilipokuwa. Pale mkazi ndiye mwandishi wa maelezo.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Kosa tunaloliona mara nyingi ni la kalenda. Wazee na vikundi vya mtaa huitwa miezi miwili kabla ya ufunguzi, wakati orodha ya vitu imeshafungwa na kitabu kiko kwa mpiga chapa. Wanachoweza kufanya hapo ni kupongeza. Waitwe mwaka mmoja kabla, orodha ikiwa bado tupu, na walipwe kwa siku zao kama anavyolipwa mtaalamu mwingine yeyote.

Vitu vya familia, kama picha za studio, barua na vitambaa vilivyotariziwa, vinahitaji uangalizi ambao waandaaji wengi hawaujui. Kabla kitu hakijatoka nyumbani kwa mwenyewe, kipigwe picha pande zote kikiwa kando ya rula, kila doa na tundu liandikwe kwenye karatasi, na mwenye kitu na waandaaji watie saini. Kikirudi, kikaguliwe kwa karatasi ile ile. Bila hivyo hakuna atakayejua kama mpasuko ni wa zamani au wa jana, na familia ile haitaazimisha tena. Bima nayo ianze kitu kinapotoka nyumbani hadi kinaporudi. Zipo bima zinazolinda kilichomo ndani ya jengo tu, ilhali hatari kubwa iko njiani.

Kisha mwanga. Mchoro wa rangi ya mafuta unastahimili takriban lux 200 (lux ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu), lakini kitambaa, karatasi na picha za kamera za zamani visizidi 50. Uharibifu hujilimbikiza: miezi mitatu kwenye lux 100 ni sawa na miezi sita kwenye 50, na rangi iliyopauka hairudi. Waandaaji wakichanganya vyote katika chumba kimoja, ama michoro haionekani vizuri kwa giza, ama vitambaa vya watu vinapauka kwa taa. Vitengewe chumba chao, chenye ujia wa mwanga wa wastani ili macho yazoee. Picha dhaifu ioneshwe nakala yake, na iandikwe wazi kuwa ni nakala.

Lugha ndizo huponzwa zaidi na ufinyu wa ukuta. Maelezo ya maneno 60 kwa lugha tatu ni maneno 180 kando ya kila kitu. Basi mwandaaji hupunguza ukubwa wa herufi, na lugha ya tatu, mara nyingi ya jamii inayosimuliwa, husukumwa chini kwa maandishi ambayo mzee hawezi kuyasoma. Afadhali maneno 40, herufi za ukubwa mmoja kwa lugha zote, katikati ya bango ikiwa kati ya sentimita 120 na 140 kutoka sakafuni ili aliye kwenye kiti cha magurudumu naye asome. Mengine yawekwe kwenye kijitabu cha mkononi.

Tunawaomba waandishi wako wa sanaa waulize pia yanayofuata baada ya kufunga. Simulizi zilizorekodiwa ziko wapi? Kila aliyesimulia apewe nakala yake, pamoja na hati inayosema nani anaruhusiwa kuitumia tena na kwa muda gani. Hati hiyo isipokuwapo, rekodi hukaa ghalani miaka na miaka kwa sababu hakuna mfanyakazi anayethubutu kuitoa.

Ni sisi,
Wapangaji wa maonyesho