Risala ya Wazazi na Bodi kwa Mheshimiwa Mbunge, Siku ya Wazazi

Mheshimiwa mbunge, mgeni wetu wa heshima, baba paroko, mwalimu mkuu, wanabodi, wazazi wenzetu na wanafunzi, hamjambo nyote. Asante sana mheshimiwa kwa kufika, tena mapema, maana kuna wageni wa heshima tuliowangoja hapa mpaka watoto wakasinzia kwa viti.

Historia tutapita mbio. Wamishonari walianzisha shule hii, kanisa likatoa shamba, Sheria ya Elimu ya 1968 ikaja serikali ikashika usukani, kanisa likabaki mdhamini. Mafanikio ni mengi mno: kwaya imefika ngazi ya kaunti ikawa nambari nne (shule zilikuwa tano, lakini nne ni nne), voliboli tunaogopwa na majirani wote, na choo cha wasichana kina milango sasa.

Mheshimiwa, tuje kwa paa. Lile jengo refu la Kidato cha Tatu mbao zimeliwa na mchwa, mabati yameshikiliwa na mawe, mvua ikianza watoto wanabeba madawati wanajazana upande wa dirishani na mwalimu anaacha kuandika kwa sababu ubao umelowa chaki haishiki. Tukienda ofisi ya CDF, ule mfuko wa serikali wa maendeleo ya jimbo la uchaguzi, tunaambiwa shule ni ya kanisa, title, yaani hati ya shamba, ni ya kanisa, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 27, inamtaja mdhamini kusaidia pesa na majengo, basi nendeni parokia. Tukienda parokia, na baba paroko atatusamehe, tunaambiwa walimu ni wa TSC, tume ya serikali ya kuajiri walimu, bodi inateuliwa na serikali, kanisa limebaki na ibada na maadili, nendeni CDF. Sasa hilo paa ni la nani? Likivuja linavujia watoto wa wapiga kura wako.

Na si kwamba hatujafuata utaratibu. Barua ya kanisa ya kuruhusu ujenzi ipo, minitsi za bodi zipo, BQ, yaani hesabu ya vifaa na gharama, imefanywa mara mbili na bei ya mbao imepanda katikati, tukaambiwa tufungue akaunti ya kamati ya mradi tukafungua, mpaka leo iko na pesa ya kufungulia tu na benki inaimega kila mwezi. Kwa hii hii hema tumeahidiwa paa na wageni wawili kabla yako, makofi tukapiga.

Tena Mahakama Kuu Septemba 2024 ilisema sheria ya CDF inakiuka katiba, ikaipa mwisho 30 Juni 2026. Mambo ya korti tunawaachia mawakili, sisi tunaangalia kalenda. Kwa hivyo kwa heshima kubwa hatuombi ahadi, tunaomba utuambie leo, kwa maikrofoni, paa liko kwa bajeti ya mwaka gani na tumfuate afisa yupi.

Faili katibu atakukabidhi mkononi, na nakala tumempa dereva wako, maana ile ya kwanza tuliambiwa ilipotelea kwa gari.