Kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mbeya: tupatie kizio kimoja cha kuandikia chumvi za damu

Mheshimiwa Daktari,

Salaam. Mimi ni mfamasia katika hospitali mojawapo ya mkoa wako. Nakuandikia kuhusu namba za potasiamu, kalsiamu na magnesiamu zinazosafiri na wagonjwa kutoka Chunya, Kyela na Rungwe kuja mjini.

Mgonjwa anafika na rufaa, karatasi ya maabara imeandikwa kalsiamu 8. Tunarudia kipimo, mashine yetu inatoa 2. Ndugu zake wanashtuka, na nesi mgeni wa zamu naye anashtuka. Kumbe damu ni ile ile: 8 ni miligramu kwa desilita, 2 ni milimoli (hesabu ya chembe) kwa lita. Anayetumia miliekwivalenti, yaani anayehesabu chaji za chembe hizo, angeandika 4. Na karatasi imekuja na namba tupu.

Potasiamu ndiyo inayotuzoesha vibaya. Kwake milimoli 1 ni sawa na miliekwivalenti 1, basi mtu anadhani zote ziko hivyo. Kalsiamu na magnesiamu zina chaji mbili, kwa hiyo milimoli 1 ni miliekwivalenti 2. Ukichanganya hapo, mgonjwa anapewa nusu ya dozi au mara mbili yake.

Linaloniumiza zaidi ni ampuli, vile vichupa vya dawa ya sindano. Ikiandikwa "kalsiamu gramu 1", nimpe nesi ipi? Gramu 1 ya kalsiamu glukoneti, yaani mililita 10 za asilimia 10, ina kalsiamu yenyewe kama miligramu 90 tu. Ujazo ule ule wa kalsiamu kloraidi, nguvu ile ile, una takriban 270. Mara tatu! Potasiamu kloraidi nayo: mililita 10 za asilimia 15 ni milimoli 20, za asilimia 10 ni 13 na kidogo. "Ongeza ampuli moja kwenye dripu" si maagizo ya kuandika kwa dawa inayoweza kusimamisha moyo.

Tunaomba uwaelekeze wakuu wa maabara mkoani kote watoe majibu kwa milimoli kwa lita, na kizio hicho kichapwe kando ya kila namba. Wanaoandika dawa wataje chumvi yenyewe, nguvu yake na milimoli. Jedwali la ukurasa mmoja la kubandika kwenye toroli za dawa nimeshaliandaa. Likipata saini yako, vituo vingine vitalipokea. Naomba nafasi kwenye kikao kijacho cha timu yako nilete.

Wako katika kazi,
Mfamasia, Mbeya