Koala ana hospitali, okidi je?

Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu koala, yule mnyama wa Australia anayeishi mitini, nimeisoma hadi mwisho, na sina ugomvi na mwandishi. Ila amesimulia nusu tu ya kinamasi: okidi iotayo humo hakuitaja.

Ninaishi Brisbane, Queensland. Septemba jirani yangu alinipeleka kuona okidi ya kinamasi, ambayo wataalamu huiita Phaius australis. Nilitarajia kiua cha kuinamia. Nikakuta bua lililonipita kimo, maua meupe kwa nyuma na ya hudhurungi kwa mbele, majani yana makunjo kama ya mnazi mchanga. Katika okidi zote za Australia, hakuna yenye ua kubwa kuliko hii. Nilipotaka kusogea niliguse, jirani akanishika mkono: nyasi zikilala, wezi wa maua wanajua pa kupita.

Kisheria wawili hawa wako daraja moja. Koala alitangazwa Februari 2022 kuwa hatarini kutoweka katika Queensland, New South Wales na eneo la Canberra. Okidi ilikuwa imeshatangulia kwenye orodha hiyohiyo. Lakini koala ana uso, na humbeba mtoto wake mfukoni. Mjini Port Macquarie, kwenye pwani ya New South Wales, ana hata hospitali yake, tangu 1973. Akigongwa na gari au kung'atwa na mbwa, watu hupiga simu aje kuchukuliwa. Zamani okidi hii nayo iliota hadi maeneo ya Port Macquarie. Ilipotoweka huko, nani alipiga simu?

Tena koala mti wake ukikatwa, atashuka ajaribu bahati kwingine. Okidi, mtaro ukichimbwa ili ardhi ikauke ipandwe miwa au ijengwe nyumba, inabaki palepale ikinyauka. Mbegu zake ni kama vumbi, hazina akiba ya chakula; zisipokutana na kuvu wa kuzilisha ardhini, hazioti.

Kinachonikera ni kwamba wala hatuhitaji kuchagua. Mkaratusi mmojawapo anaoupenda koala kwenye pwani ile, Eucalyptus robusta, huota kwenye majimaji yaleyale. (Nyumbani tunaulaumu mkaratusi kwa kukausha chemchemi, kumbe Australia ndio chakula cha koala.) Januari 2022 serikali iliahidi dola milioni 50 kwa ajili ya koala. Sehemu yake ingeziba mitaro, wote wawili wangenufaika.

Mkichapisha tena picha ya koala, mwambieni mpiga picha ashushe kamera, atazame na shina la mti lilipozama.

Msomaji wenu,
Brisbane