Barua ya wazi kwa vijana wapigapicha wa Lamu

Wanangu,

Assalaam alaykum. Picha mlizopiga kwenye zefe la Maulidi nimezitazama moja moja. Mmejua pa kusimama, na mmejua kungoja. Lakini kanzu zimetoka rangi ya jivu, na nyuso zimekuwa giza hata mtu hamtambui ami yake. Akina mama waliosimama pembeni, buibui zao zimefifia kana kwamba zimeanikwa juani mwaka mzima, na ukuta wa chokaa nyuma yao umeungua wote kwa mwanga, umebaki weupe mtupu.

Mita ya kamera, kile kipimo chake cha mwanga, haijui kanzu wala buibui. Imetengenezwa idhani kwamba kila kilicho mbele yake ni kijivu cha kati, kinachorudisha kama asilimia 18 ya mwanga. Ikiona weupe mwingi, hupunguza mwanga. Ikiona weusi mwingi, huongeza. Na mji wetu ndio huo, weupe na weusi bega kwa bega. Mkiiachia kamera iamue, itawapaka watu wetu rangi isiyo yao, na hilo ndilo linaloniuma.

Geuzeni gurudumu la kamera liwe kwenye M, yaani mpange mwanga wenyewe kwa mkono. Tundu la lenzi likitoka f/8 kwenda f/11, linakuwa dogo na mwanga unapungua nusu. Shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, ikitoka 1/250 ya sekunde kwenda 1/500, nusu tena. ISO, yaani wepesi wa kamera kuuhisi mwanga, ikitoka 100 kwenda 200, picha inang'aa mara mbili. Ukikipunguza kimoja, kiongeze kingine kwa kiasi hichohicho, na mwanga wa picha haubadiliki.

Jua likiwa kali na anga halina wingu, anzeni na f/16, shata iwe karibu na moja chini ya ISO yenu: ISO 100, shata 1/125. Punda wanapita mbio pwani? Nendeni f/8 na 1/500. Kisha muache hivyo! Maadamu jua ni lilelile na watu wamesimama juani, apite mwenye kanzu, apite mwenye buibui, msiguse kitu. Kila mmoja atatoka na rangi yake, kwa sababu mwanga unaowaangukia ni mmoja.

Mkikata kona kuingia vichochoroni, hesabu inaanza upya. Mimi huanzia f/4, 1/125, ISO 400, halafu natazama. Na kutoka tena juani ndiko kwenye hatari. Hapo ndipo nilipoharibu.

Nilikuwa na kamera yangu ya kwanza ya dijitali, na nimeitwa harusini. Bwana harusi alivaa kofia ambayo babu yake aliidarizi kwa mkono, miezi kwa miezi, kitobo kwa kitobo. Ndani ya nyumba nilipanga vizuri. Tulipotoka barazani penye jua nikasahau kurudisha. Picha zilipochapwa, yule mzee aliishika moja akaisogeza karibu na jicho, akapitisha kidole juu ya kofia akitafuta kazi yake. Palikuwa na weupe mtupu. Hakuniambia neno, akanirudishia picha.

Sensa, kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga, ikishajaa haiandiki tena kitu, na hakuna programu ya kurudisha kitobo ambacho hakikuandikwa. Kupiga kwa RAW, yaani faili ghafi ya kamera, kunasaidia kidogo, pale ambapo kazi iliyo ndani ya weupe haijapotea kabisa. Kwa hiyo pimeni kwenye kilicho cheupe zaidi chenye kazi ndani yake. Uso ukiwa na giza kidogo, utauinua baadaye.

Msikiamini kioo cha nyuma ya kamera mchana, jua linakidanganya. Fungueni histogramu, ule mchoro wa mwanga wa picha, giza kushoto na weupe kulia. Ikiwa imerundikana ukingoni kulia, kofia imekwenda.

Tena wengi wenu mko kwenye M, lakini ISO mmeiacha otomatiki. Mkono wenu uko kwenye usukani, nahodha ni mwengine. Izimeni leo.

Ijumaa baada ya Alasiri nitakuwa Mkunguni, mbele ya Ngome. Njooni na kamera zenu, betri zimejaa. Mmoja aje na kanzu nyeupe, na mwengine aombe nyumbani buibui la kuazima. Kofia nitakuja nayo mimi.

Mzee wenu.