Zuhura, dharura si maafa

Zuhura mwenzangu,

Salamu nyingi kutoka huku. Barua yako niliipata Jumamosi, nikaisoma nimesimama mlangoni, kisha nikaketi nikaisoma tena. Hongera sana kwa hiyo kazi ya ukalimani. Nilijua hutamaliza mwaka Marekani bila mtu kugundua ulimi wako. Ila umeniandikia jambo moja likanikosesha raha: kwamba kwenye daftari lako la maneno umeandika "dharura" mara mbili, mbele ya maneno mawili tofauti ya Kiingereza, "emergency" na "major disaster", kwa kuwa "yote ni mafuriko tu, nani atajali". Futa moja, nakuomba, kabla hujarudi kwenye kile kituo cha kuwapokea waathirika.

Sheria inayosimamia mambo haya huku wanaiita Stafford, kwa jina la seneta Robert Stafford wa Vermont. Ni ya mwaka 1988. Kabla haijagusa suala la nani atalipa nini, inaanza kwa kufafanua maneno, na humo ndimo fedha zilimojificha. Dharura, kwa mujibu wake, ni tukio lolote ambalo Rais akilitazama anaona jimbo linahitaji kuongezewa nguvu na serikali ya shirikisho ili kuokoa maisha, kulinda mali na afya ya watu, au kuzuia balaa lisitokee. Ona lilivyo pana hilo "lolote". Halijali chanzo, na wala halisubiri jambo litokee. Tishio tu linatosha. Lakini kapu lake ni dogo: dola milioni 5 kwa dharura moja. Ili kuvuka hapo, Rais lazima aridhike kwamba hatari ingalipo na msaada bado unahitajika, kisha awaarifu wabunge.

Neno la pili ni maafa makubwa. Hili limebanwa. Lazima liwe janga la asili, na sheria inayataja: kimbunga, dhoruba, mawimbi ya tsunami, tetemeko, volkano, maporomoko ya ardhi, theluji, ukame na ndugu zao, au, bila kujali nani kasababisha, liwe moto, mafuriko au mlipuko. Ukishaingia humo, mlango mwingine kabisa unafunguka: fedha za kujenga upya madaraja, shule na mitambo ya maji, ambazo serikali ya shirikisho hubeba angalau asilimia 75 ya gharama, pamoja na msaada wa familia mojamoja zilizopoteza nyumba.

Sasa nikupe kisa kilichonifanya niache mzaha na maneno haya. Mji wa Flint, jimbo la Michigan, ulibadilisha chanzo chake cha maji Aprili 2014, ukaanza kuteka mto Flint. Maji yale hayakutiwa dawa ya kuzuia kutu, yakala mabomba ya zamani, na madini ya risasi yakaingia kwenye bilauri za watoto. Januari 2016 Gavana Rick Snyder alimwomba Rais Obama atangaze maafa makubwa. Tarehe 16 Januari jibu likaja: dharura, ndiyo, maafa makubwa, hapana. Sababu ikawa ya kisheria tupu. Sumu iliyoletwa na uamuzi wa watu si janga la asili, wala si moto, wala mafuriko, wala mlipuko. Basi Flint wakapata maji ya chupa, vichujio na lile kapu la milioni 5 la kuanzia. Gavana alikata rufaa, nayo ikagonga mwamba. Mabomba yaliyooza yalikuwa palepale chini ya ardhi, lakini kuyang'oa hakumo katika tafsiri ya neno dharura.

Utaniuliza, na korona je? Kirusi nacho hakimo kwenye orodha. Nami nilijiuliza vilevile mwaka 2020, maana kufikia tarehe 11 Aprili majimbo yote 50 yalikuwa chini ya tangazo la maafa makubwa kwa wakati mmoja, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Jibu liko kwenye neno dogo ambalo mkalimani mvivu hulipita: "ikiwemo". Sheria inasema janga lolote la asili, ikiwemo hayo iliyoyataja. Kwa hiyo orodha ni mifano, si uzio. Ugonjwa ukipewa jina la janga la asili, unapita. Bomba lenye sumu halina pa kupitia. Mimi naona ni dhuluma, nakwambia wazi. Mtoto anayekunywa risasi hajui kama aliyemdhuru ni maumbile au ni diwani. Lakini sheria ndivyo inavyosomeka, na kazi yetu mimi na wewe si kuipamba.

Halafu usidhani mto ukifurika tu, fedha zinashuka. Gavana lazima aandike kwamba tukio limezidi uwezo wa jimbo na wa serikali za mitaa, na aonyeshe kwamba ameshatekeleza mpango wa dharura wa jimbo lake. "Uwezo" huo nao wameupimia kibaba. FEMA, lile shirika la shirikisho la usimamizi wa dharura, huchukua hasara ya miundombinu ya umma na kuigawa kwa idadi ya watu wa jimbo. Mwaka 1986 kigezo kilikuwa dola 1 kwa kila mtu. Kwa mwaka wa fedha wa 2025 kilikuwa dola 1.89. Mimi nilichukua kikokotoo nikakaa na sensa ya 2020. California yenye watu milioni 39.5 inatarajiwa kuanza kulia hasara ikikaribia dola milioni 75. Wyoming, watu wasiofika laki sita, inaanzia milioni moja na ushei. Daraja lilelile, limevunjwa na maji yaleyale, upande mmoja ni maafa na upande wa pili ni hasara ya kaunti yenyewe. Kigezo hicho si amri, wanaangalia na mambo mengine, lakini sijaona gavana anayekipuuza.

Ndiyo maana majimbo nayo yana tafsiri zake, na hapa ndipo daftari lako litakapojaa. Florida, wanaopigwa na vimbunga kama ngoma, wamegawa maafa mafungu matatu katika sheria yao. Madogo ni yale ambayo serikali ya mtaa inayamudu. Makubwa yanaizidi, nayo yanataka msaada mpana wa jimbo na wa shirikisho. Ya kutisha kabisa ni yale yanayohitaji hata jeshi kuingia mara moja. Tazama lakini: Florida "makubwa" ni fungu la kati, kwa Stafford ndiyo kilele. Ukimtafsiria mtu ofisa wa jimbo akisema "makubwa", uliza kwanza anasoma kitabu gani.

California wao wana hali tatu za dharura: ya vita, ya jimbo na ya mtaa. Orodha yao ni ndefu hadi inachekesha, kuna uchafuzi wa hewa, ghasia, upungufu wa ghafla wa nishati, wadudu waharibifu, hata onyo la gavana kwamba tetemeko linatabiriwa. Kisha wamechomeka sentensi moja: isiwe hali iliyotokana na mgogoro wa kazi. Yaani wafanyakazi wakigoma, gavana asije akaita hiyo ni dharura. Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka peke yangu kwenye basi. Bila shaka kuna mtu wa chama cha wafanyakazi aliyekesha kwenye kamati mpaka sentensi ile ikaingia. Minnesota nao mwaka 2014 walitunga sura nzima kwa ajili ya yale maafa yasiyofikia kigezo cha shirikisho: jimbo hulipa asilimia 75 ya gharama zinazokubalika, mtaa hubeba 25. Ukimtafsiria ofisa wa mtaa kutoka huko, usimwambie kwamba FEMA ikikataa basi mambo yameisha.

Hayo ni ya magavana. Wewe kazi yako ni ya mama aliyebeba mtoto na bahasha yenye matope, kwa hiyo hapa nisikilize vizuri zaidi.

Usimwulize mtu wetu, "Wewe ni mwenye nyumba?" Mimi nililifanya kosa hilo. Mzee mmoja akanijibu, "Hapana mwanangu, mimi sina wapangaji." Nami nikaandika kwamba si mmiliki. Kwake, na kwetu sote tuliokulia Kiswahilini, mwenye nyumba ni yule anayekuja kudai kodi. Mzee yule alikuwa na nyumba yake, anailipia ushuru, hakuna anayemdai. Ilibidi nirudi kwa afisa nikiwa nimeona haya mpaka masikioni. Kanuni ya FEMA ni pana kuliko neno letu: mmiliki anayeishi humo ni mwenye hati, au asiye na hati lakini halipi kodi ya pango na ndiye anayelipa ushuru wa nyumba au kuitunza, au aliyepewa haki ya kukaa humo maisha yake yote. Kwa hiyo uliza: nyumba hii ni yako au umepanga? Kama ni ya urithi, nani anaitunza? Tangu Septemba 2021 wamelegeza na ushahidi wenyewe, kwa sababu familia nyingi, hasa za Wamarekani weusi wa kusini, zilikuwa zinarithishana nyumba vizazi kwa vizazi bila kubadilisha hati, na zikawa zinanyimwa.

Neno la pili la kukufanya ujikwae ni lile la nyumba anayoishi mtu kwa sehemu kubwa ya mwaka, maana msaada wa matengenezo unakwenda huko tu, si kwenye kibanda cha mapumziko. Mimi nililitafsiri "nyumba kubwa". Zuhura, usithubutu! Mama mmoja aliniangalia, akamwangalia mumewe, akaniuliza polepole, "Kwani ipo na nyumba ndogo?" Nikaokolewa na mtoto wao aliyemwaga soda mezani. Siku hizi nasema "nyumba unayokaa siku zote", na inatosha.

Kaya si familia. Sisi familia ni pamoja na shangazi aliyeko Tanga. Kwao kaya ni wale waliokuwa wakiishi kwenye nyumba ile kabla ya maafa na wanaoomba msaada, wakiongezewa mtoto mchanga atakayezaliwa, au mwenzi aliyekuwa safarini na anatarajiwa kurudi wakati msaada ukiendelea. Mtu akitaja watu kumi na wawili, msimkatize. Muulizeni wangapi walilala humo.

Kuhusu zile dola za FEMA ulizoniuliza, za mahitaji ya haraka, zilikuwa 750 hadi Oktoba 2024, kisha zikawa 770. Waambie watu mambo mawili bila kuzunguka. Si mkopo. Na si mwisho wa msaada, ni za kuanzia, za maziwa, maji na mafuta ya gari, huku maombi mengine yakiendelea. Baada ya kimbunga Helene uvumi ulienea kwamba ukizipokea wanakuja kuchukua nyumba yako, na wapo walioziacha kwa hofu.

Tena barua ya FEMA ikija imeandikwa kwamba mtu hastahili, usiseme "wamekukataa". Ukisema hivyo ataikunja na kuondoka, namfahamu mtu wetu. Mara nyingi maana yake ni kwamba karatasi fulani haijafika, pengine ya bima. Mimi husema "bado hujatimiza", kisha tunasoma pamoja kinachokosekana. Ana siku 60 tangu tarehe ya barua kuomba uamuzi uangaliwe upya. Neno "rufaa" nalitumia nikishafafanua kwamba hakuna hakimu wala wakili, kwa kuwa wengine wakisikia rufaa wanaona mahakama.

La paa ambalo lilikuwa linavuja tangu zamani: kabla ya 2024 lilikuwa balaa, mkaguzi akiona uchakavu wa awali anakata. Kanuni mpya iliyoanza Machi 2024 inasema maafa yakiliongezea paa hilo uharibifu, linaweza kusaidiwa. Kwa hiyo mtu asifiche kwamba lilikuwa linavuja. Akificha, mkaguzi ataona, naye ataonekana mwongo bure.

Umeniuliza pia ile hatua ya baada ya uokoaji, ambayo nyaraka zote huitaja, uiite nini. Umeandika "kupona" ukaweka alama ya kuuliza. Mgonjwa ndiye anayepona. Wengine huandika "urejeshaji", lakini nyanya hatalielewa, atadhani kuna kitu anatakiwa arudishe, na baada ya uvumi ule wa kuchukuliwa nyumba hilo ndilo usilolitaka kabisa. Mimi natumia "kujijenga upya" nikiwa na watu, na "urejeshaji" nikiwa naandika fomu. Kama una bora zaidi, niandikie. Hilo bado sijaridhika nalo.

Nitumie hilo daftari likishafutwa-futwa, nilipitie kwa kalamu nyekundu kama enzi zile za mwalimu wetu wa insha.

Wako,
Rehema