Usiache kusoma kwa sauti

Mwanangu mpendwa,

Dada yako ameniambia kuwa tangu wenzako walipokucheka darasani, ukiitwa kusoma unasingizia koo linauma. Eti ulisoma neno la Kiingereza colonel, yaani kanali, kama lilivyoandikwa, herufi kwa herufi. Habari hiyo imenichoma moyo, maana najua neno hilo ulilijua mwenyewe vitabuni, maana yake na matumizi yake, kabla hujawahi kulisikia kinywani mwa mtu yeyote.

Lugha yetu imekuzoesha kuamini herufi, na una haki ya kuziamini. Kiingereza hakiendi hivyo. Hilo neno lilianzia Italia likiwa na l, Wafaransa wakalitamka kwa r, na Waingereza mwishowe wakashika maandishi ya huku na matamshi ya kule, ndiyo maana linasikika kama kernel. Atakayelisikia mara ya kwanza hawezi kubahatisha linavyoandikwa, na atakayelisoma mara ya kwanza hawezi kubahatisha linavyotamkwa. Chukua na debt, yaani deni. Lilipotoka Kifaransa halikuwa na b. Wasomi ndio waliochomeka herufi hiyo ili lifanane na asili yake ya Kilatini. Haikutamkwa tangu ilipoingizwa. Ile k ya knife, yaani kisu, kwa upande mwingine, zamani ilitamkwa kweli. Sauti ikafa, maandishi yakabaki.

Hata Kiswahili, pamoja na unyoofu wake, kina mitego. Msomaji anayekutana na "fanya kazi barabara" kitabuni atatia mkazo pale pale anapoutia kwenye barabara ya magari, kumbe hapa mkazo uko kwenye silabi ya pili. Hakuna alama ya kumwonyesha. Lazima asikie.

Kwa hiyo, mwanangu, sikia zaidi, lakini usisome kidogo. Kamusi ya kwenye simu yangu inatamka maneno. Ichukue jioni, ujaribu yale unayoyatilia shaka. Na mwenzako akikosea siku moja, naomba sauti yako isiwemo katika kicheko. Mwambie linavyotamkwa, taratibu, mkiwa wawili. Hilo nalitaka kwako kuliko matamshi yote ya Kiingereza.

Kesho ukiitwa, simama usome. Ukifika kwenye neno usilolijua, muulize mwalimu linatamkwaje, kisha endelea na sentensi yako mpaka mwisho.

Akupendaye,
Mama