Kuhusu Catherine, mke wa Dickens

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi. Natumaini wewe na jamaa wote hamjambo. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi.

Umeniuliza kama ni kweli ndoa ya Charles Dickens, yule mwandishi wa riwaya wa Uingereza, ilivunjika kwa sababu mkewe, Catherine Hogarth, alikuwa mzembe asiyeweza kulea watoto wake. Ndugu yangu, maneno hayo asili yake ni Dickens mwenyewe, na ndiyo maana siwezi kuyapokea hivihivi.

Walioana London mwaka 1836, na kufikia 1852 Catherine alikuwa amekwisha kuzaa watoto 10, akamzika mmoja angali mchanga. Kumlaumu mwanamke wa namna hiyo kwa kuchoka ni kumwonea. Mwaka 1857 Dickens, akiwa na miaka 45, alimpenda mwigizaji Ellen Ternan, binti wa miaka 18. Oktoba ya mwaka huohuo alimwandikia mtumishi, wala si mkewe, akiagiza kwamba mlango uliounganisha chumba chake cha kuvalia na chumba cha kulala uzibwe, naye atandikiwe kitanda kidogo cha chuma upande wake. Hebu fikiria mama mwenye nyumba akishuhudia fundi akiifanya kazi hiyo!

Walipotengana mwaka 1858, Dickens alichapisha tamko gazetini Times na katika jarida lake mwenyewe, akikanusha uvumi uliokuwa umeenea. Baadaye barua yake nyingine ikatokea katika gazeti la New York, na humo alidai kwamba Catherine ana matatizo ya akili na kwamba aliyewalea watoto ni Georgina, mdogo wake Catherine, ambaye alibaki kwa shemeji yake. Kinachoniuma zaidi ni hiki: mtu aliyewatetea wanyonge katika riwaya zake aliitumia kalamu ileile dhidi ya mtu asiyekuwa na gazeti la kumjibia. Catherine alipewa pauni 600 kwa mwaka, akahama na mwanawe mkubwa tu, wala hakujibu hadharani.

Mwaka 1879, akiwa mgonjwa mahututi, alimkabidhi binti yake Kate barua alizoandikiwa na Dickens tangu uchumba wao, akaomba zihifadhiwe katika Jumba la Makumbusho la Uingereza ili ulimwengu ujue kwamba mumewe aliwahi kumpenda. Zimekwisha kuchapishwa, Zuhura. Zisome kwanza, kisha uniandikie unamwonaje Catherine.

Akupendaye,
Mwanaidi